Filamu ya mbwa na paka waliozidi: watazamaji wake wako wapi?

"Nimetumia miaka mitatu kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu mbwa na paka wanaozaliwa wengi kuliko nyumba za kuwapokea. Ina dakika 74. Nimeishi na wahudumu wa kituo cha kuokoa wanyama, nimerekodi operesheni za kufunga kizazi, nimerekodi pia siku ambazo wanyama wenye afya njema wanachomwa sindano ya kufa kwa sababu vizimba vimejaa. Matamasha 11 yameikataa. Kionjo nilichoweka mtandaoni, kinachoanza na safu ya vizimba na idadi ya wanyama wanaouawa kwa mwaka, kimetazamwa mara 900 hivi, na karibu wote walioacha maoni ni watu wanaookoa wanyama. Wanalia, wananipongeza, basi. Rafiki zangu wanasema niiweke yote YouTube bure nimalize. Wengine wanasema nilipie matangazo. Mimi naamini kila mtu anapaswa kuiona, lakini nimeanza kufikiri kwamba watu hawajali. Na kusema kweli, dakika 20 za mwisho mimi mwenyewe siwezi tena kuzitazama. Nifanye nini ipate watazamaji?"

Pole kwa kuchoka, na hongera kwa kuimaliza. Filamu nyingi za namna hii hufia kwenye kompyuta ya mtengenezaji zikiwa nusu. Kazi yangu ni kuzitafutia filamu za hali halisi mahali pa kuonyeshwa, na barua zinazofanana na yako nazipata mara kwa mara, ingawa si kila anayeandika anasema ukweli wote kama ulivyosema wewe kuhusu dakika zako 20 za mwisho. Nitazirudia hizo.

Nikisoma barua yako naona hofu mbili zimefungwa kamba moja. Ya kwanza, filamu haina mlango. Ya pili, hata mlango ukifunguka, watu hawajali. Ya kwanza ni kweli kwa leo, na inatibika. Ya pili si kweli, na ukiendelea kuiamini itakufanya uchague vibaya kila utakapofika njia panda. Kwa hiyo tuanze nayo.

Mtu anayegeuza uso mbwa anapochomwa sindano, mara nyingi anageuza kwa sababu inamuuma na haoni la kufanya. Mwaka 2007 watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio ambalo kila anayetengeneza filamu ya kutetea jambo angefaa alijue. Washiriki walilipwa dola 5 kwa kazi ndogo, kisha wakaombwa kuchangia wenye njaa. Walioonyeshwa msichana mmoja, Rokia wa Mali, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa 1.14. Kundi la tatu lilionyeshwa Rokia pamoja na takwimu zile zile, na ungetarajia litoe zaidi ya wote. Lilitoa 1.43. Takwimu zilizimisha huruma ambayo yule mtoto alikuwa amekwisha kuiwasha.

Sasa kitazame tena kionjo chako: safu ya vizimba, kisha idadi. Umeanza na kile kinachomfanya mtu ajione mdogo mbele ya tatizo kabla hujampa mnyama hata mmoja wa kumshika. Wale waokoaji walioacha maoni hawakuhitaji kupewa, kwa sababu kila mmoja wao ana wake kichwani tayari. Ndiyo maana wao walilia na wengine wakapita.

Jambo la pili la kusahihisha ni hilo la "kila mtu". Linatoka moyoni, naliheshimu, lakini halina anwani. Huwezi kumpelekea "kila mtu" mwaliko. Tuna methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na nimeona watu wazuri wakiitumia kujikatia tamaa: filamu haijajiuza, kwa hiyo si nzuri. Kwa filamu za hali halisi mambo si hivyo. Kizuri nacho hutembezwa, tena kwa miguu, kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine. Kuwaonyesha waokoaji wa wanyama filamu hii ni kumwaga maji baharini. Watazamaji wako ni watu wenye uamuzi mbele yao, ambao hawajauamua bado.

Wewe unaijua biolojia kuliko mimi, lakini itazame kwa jicho la msambazaji. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu. Anaibeba kwa siku 63 hadi 65 hivi, na anaweza kushika nyingine wiki chache baada ya kuzaa, watoto wakiwa bado wananyonya. Maana yake, kati ya siku familia inaposema "huyu bado mdogo" na siku wanapokuta watoto wanne ndani ya kabati la nguo, muda ni mfupi mno. Na ndani ya muda huo kuna mtu mmoja katika nyumba ile anayeamua, au anayeahirisha. Huyo ndiye mtazamaji wako wa kwanza. Hana ubaya na wanyama. Paka wake analala miguuni pake. Ila anaamini jike lazima azae mara moja ndipo afungwe kizazi, imani ambayo madaktari wa wanyama hawaoni faida yake kiafya. Au anadhani dume wake hahusiki kwa kuwa haleti watoto nyumbani. Au gharama inamtisha na hajui pa kuulizia. Jiulize filamu yako inamjibu nini mtu huyo, na kama imemweka hata mmoja wa aina yake mbele ya kamera bila kumhukumu. Kama hayumo, hilo ni pengo kubwa kuliko yote unayoweza kuyasikia kutoka kwa tamasha.

Watazamaji wa pili ni wale walio karibu naye na wenye sauti: daktari wa wanyama, mwalimu, mwenye nyumba za kupangisha, diwani.

Wa tatu ni wale ambao hawapendi wanyama kabisa, nao usiwadharau. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 kwa mwaka duniani, na katika hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu chanzo ni mbwa. Ili ugonjwa ukatike mahali, inabidi takriban asilimia 70 ya mbwa wa hapo wawe wamechanjwa. Uzazi usiodhibitiwa unaharibu hesabu hiyo, kwa sababu kila uzao mpya ni mbwa ambao hawajachanjwa, na asilimia iliyofikiwa kwa jasho inaanza kushuka. Afisa wa afya ya jamii ambaye hajawahi kufuga hata kuku atakaa kuitazama filamu yako ukimfungulia mlango huo. Kama una picha za siku ya chanjo, zitoe kabatini.

Niliwahi kukaa kiti cha nyuma kabisa katika onyesho la filamu yenye mada kama yako. Watu 60 hivi. Nilikuwa na daftari, naandika dakika na idadi ya vichwa vilivyoinama. Dakika ya 11 ikaja picha ya mifuko myeusi ikipakiwa kwenye gari. Mama aliyekaa mbele yangu akafungua mkoba akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwemo. Alipekua hadi picha ikabadilika. Karibu nusu ya ukumbi walikuwa wameshika simu, na wengi hawakuinua tena macho. Kisha, dakika ya 40, mhudumu wa kituo akapokea mtoto wa paka aliyelowa, asiyetikisika. Akamsugua kwa taulo, mgongoni, kifuani, tena mgongoni, bila neno, muda mrefu kuliko unavyodhani mtazamaji anaweza kuvumilia. Yule mtoto akalia. Simu zikashuka mapajani, mkoba ukafungwa. Mtengenezaji yule alikuwa ameficha dakika ya 40 kitu ambacho kingemshika mtu dakika ya kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mlango wowote, rudi mezani pa kuhariri kwa wiki mbili. Chagua mnyama mmoja na mtu mmoja, uwafuate. Simaanishi ufiche kifo. Kukificha ni kuwadhulumu wahudumu uliowarekodi, ambao wanakibeba kila siku. Ninachosema ni kwamba kije baada ya mtazamaji kumjua aliyekufa, na kisiwe kitu cha mwisho anachotoka nacho. Dakika zako 20 za mwisho, ambazo wewe mwenyewe huziwezi, mgeni hataziweza pia. Huzuni huchangisha fedha, hilo halina ubishi: tangazo la ASPCA, shirika la Marekani la kupinga ukatili kwa wanyama, lenye sauti ya mwimbaji Sarah McLachlan, lililoanza kurushwa 2007, liliingiza takriban dola milioni 30 ndani ya muda mfupi. Lakini mwimbaji mwenyewe amekiri kwamba likitokea hubadili chaneli. Wewe unamwomba mtu akae zaidi ya saa nzima.

Mwisho mzuri wa kweli upo, na hauhitaji kupakwa sukari. Makadirio ya ASPCA hiyo hiyo yanaonyesha kwamba mbwa na paka waliouawa katika vituo vya Marekani walipungua kutoka milioni 2.6 mwaka 2011 hadi 920,000 mwaka 2019. Operesheni za kufunga kizazi na kuhasi, na watu kukubali kuchukua wanyama kutoka vituoni, vina sehemu kubwa katika hilo. Idadi ya namna hii ikija mwishoni, baada ya mtazamaji kumpenda mnyama mmoja, inafanya kazi tofauti kabisa na ile iliyo mwanzoni mwa kionjo chako, maana inamwambia kwamba mkono wake una uzito.

Maadamu tumegusa idadi, kagua kila moja uliyoweka. Kuna ile inayosambazwa kwenye mabango kwamba paka jike mmoja na vizazi vyake huweza kuzaa paka 420,000 katika miaka saba. Wanahisabati wa Chuo Kikuu cha Washington walipoulizwa waikokotoe kwa hali ya maisha halisi, walipata kati ya 100 na 400. Tofauti inatokana na vifo. Utafiti uliochapishwa 2004 ulifuatilia watoto 169 wa paka wasio na wenyewe, na 127 kati yao, yaani asilimia 75, walikufa au kupotea kabla ya kufikisha miezi sita. Kwangu mimi ukweli huo unauma kuliko 420,000. Na daktari wa wanyama akiona kosa moja la namna ile kwenye filamu yako, hataipendekeza kwa mteja hata mmoja. Mpe daktari mmoja aitazame yote kabla hujaifunga.

Sasa milango. Kuhusu matamasha nitakuwa mfupi. Kukataliwa mara 11 ni jambo la kawaida kwa filamu nzuri, kwa sababu wachaguzi hupokea nyingi mno kuliko nafasi zilizopo. Acha kulipa ada za matamasha makubwa, tuma kwa machache yenye mada ya wanyama, mazingira au afya, na uendelee na kazi nyingine wakati unasubiri. Kama unaiwazia televisheni, andaa toleo la dakika 52 hivi, kwa kuwa vituo vingi hupanga ratiba kwa saa na dakika 74 hazina pa kukaa.

YouTube bure inastahili kupimwa kwa haki. Faida yake ni kweli: yeyote anaweza kuiona, mahali popote, na mada yako haipaswi kufungiwa nyuma ya malipo. Hasara yake ni kwamba hatua hiyo hairudi nyuma. Matamasha mengi na vituo vingi vya televisheni havitaki filamu ambayo tayari iko wazi mtandaoni. Halafu mtandao ule hupendekeza video kwa kuangalia watu wangapi wamebofya na wamekaa kwa muda gani. Chaneli mpya yenye filamu moja ya dakika 74 haina historia ya kuupa. Siku ya kwanza utapata wale wale 900. Rafiki zako hawajakosea, wamekosea wakati tu. Iweke bure baada ya mwaka mmoja, mlango wa mwisho, siyo wa kwanza. Kwa sasa weka vipande vifupi vitatu au vinne vinavyojitosheleza: yule anayeuliza kama jike lazima azae kwanza, na jibu lake, operesheni moja kuanzia mnyama anapofika hadi anapoamka, mhudumu mmoja na siku yake moja. Usikate kionjo kingine. Kionjo kinaahidi, wakati kipande kizima kinampa mtu kitu cha kumtumia dada yake mwenye paka.

Matangazo ya kulipia yanafaa kitu kimoja tu, kuwaita watu walio karibu na ukumbi fulani, siku fulani. Kulipia ili namba ya waliotazama ipande ni kununua namba.

Mlango ninaoupenda kwa filamu yako ni maonyesho madogo yanayoandaliwa na watu wengine, na hapa ndipo waokoaji wako wanapopata kazi. Usiwaite wakae vitini. Waombe wawe wenyeji: kila mmoja alete watu kumi ambao hawajawahi kukanyaga kituo cha wanyama. Hilo liwe sharti, na uliseme wazi. Kata toleo la dakika 25 kwa ajili hiyo, kwa sababu shule ina kipindi kimoja tu na mkutano wa wapangaji hauna subira ya dakika 74. Filamu nzima ibaki kwa jioni ambazo watu wamekuja kwa ajili yake. Andika ukurasa mmoja wa maswali ya kujadili, uambatane na filamu kila inapokwenda, ili mwenyeji asiyezoea kuongoza mazungumzo asikwame taa zikiwashwa.

Na taa zikiwashwa, kuwe na meza. Juu ya meza, daftari na kalamu. Nyuma ya meza, daktari wa wanyama au mtu wa kliniki mwenye tarehe mkononi: Jumamosi ijayo, nafasi kumi, gharama ni hii, na asiyeweza kulipa aseme nasi pembeni. Kama hamna tarehe, ahirisheni onyesho. Nimeona ukumbi mzima umeamka na kuuliza "twende wapi?", mwenyeji akajibu kwamba watatangaza baadaye, na nikawaona watu wakipoa mmoja mmoja wakielekea mlangoni. Yule anayeahirisha nyumbani kwake amepata sababu nyingine ya kuahirisha, safari hii kutoka kwenu.

Kalenda inasaidia kupata wenyeji. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na 4 Oktoba ni siku ya wanyama duniani. Hizo mbili zinafuatana vizuri kwa ziara ya wiki moja. Jumanne ya mwisho ya Februari ni siku ya kimataifa ya kuhimiza kufunga kizazi. Idara za afya na shule hutafuta kitu cha kuonyesha siku hizo na mara nyingi hazina. Waandikie miezi minne kabla.

Kuna mambo mawili ambayo maandishi yangu hayatoshi, unahitaji mtu ana kwa ana. La kwanza ni mwanasheria anayejua mikataba ya filamu. Mpelekee kabla, si baada ya kusaini. Akague leseni ya muziki wako, kwa sababu leseni nyingi za bei nafuu huruhusu matamasha peke yake na ukionyesha shuleni au mtandaoni umevunja mkataba. Akague hati za ridhaa za wote waliorekodiwa, hasa wahudumu waliorekodiwa wakichoma sindano. Mtu aliyekubali kamera miaka mitatu iliyopita ana haki ya kuambiwa filamu sasa inaenda wapi. Na msambazaji akija na karatasi inayochukua haki zote kwa miaka mingi, dunia nzima, mwombe mwanasheria akutengee haki ya maonyesho ya shule na ya jamii ibaki kwako. Hiyo ndiyo haki yenye thamani kwa filamu hii.

La pili ni wewe. Ulikaa miaka mitatu na vifo, kisha ukavitazama tena mara mamia ukihariri, peke yako, usiku pengine. Kushindwa kuzitazama dakika 20 ulizozitengeneza mwenyewe si udhaifu wala si jambo la kupuuza. Wahudumu wa vituo vya wanyama wanalijua sana. Kama kuna usingizi unaokatika, picha zinazojirudia bila kuitwa, au umeanza kukwepa wanyama uliokuwa ukiwapenda, zungumza na mshauri nasaha au daktari mapema, kabla ya ziara. Katika ziara utaulizwa juu ya sehemu hiyo kila jioni. Na kazi ya kuzihariri upya dakika zile mpe mtu mwingine; kaa chumba cha pili, mwambie tu kile usichotaka kipotee.

Kwa onyesho la kwanza panga viti 30, hata kama ukumbi unabeba 200. Tembea na daftari lako, kaa nyuma, andika dakika ambazo vichwa vinainama. Kisha usiniandikie ni watu wangapi walikuja. Niandikie ni majina mangapi ya wanyama yaliyobaki kwenye daftari la mezani.